Mawe ya nyongo: Nikatwe au nitawakali?

 

Ndugu msomaji, safu hii imezoeleka kwa mijadala ya mambo ya umma. Leo naomba radhi, kwani nitaandika juu ya tumbo langu. Sababu ni swali nililoulizwa na kijana mmoja katika darsa yetu ya baina ya Magharibi na Isha, baada ya kusikia kuwa mwalimu wake ametakiwa na madaktari akatolewe kifuko cha nyongo. Alisema: "Ustadhi, mwezi uliopita ulitufundisha tawakkul. Sasa mbona unakwenda kukatwa?" Watu wakacheka, nami nikacheka, lakini ukweli ni kwamba usiku ule sikuwa na jibu la kumtosheleza. Nilimwomba anipe muda. Makala hii ndiyo jibu lake.

Maumivu yangu yana miaka 3 sasa. Yalianza usiku baada ya walima wa jirani, na pilau siku hiyo ilikuwa ya nyama yenye mafuta ya kutosha. Mnamo saa saba za usiku nikaamshwa na kitu kinachobana chini ya chembe ya moyo, kikahamia upande wa kulia chini ya mbavu, kisha kikatokea nyuma kwenye bapa la bega. Nilikaa, nikalala, nikatembea ukumbini, hakuna mkao ulionifaa. Karibu na adhana ya Alfajiri kikaondoka chenyewe kama mgeni aliyekumbuka safari. Asubuhi nikaenda kufundisha kama kawaida.

Baina ya usiku kama ule, ambao ulikuwa ukijirudia, kulikuwa na adha nyingine ya kila siku: kiungulia, tumbo kujaa na gesi, na moto wa kichomi nikiwa na njaa. Kama ilivyo ada ya sisi watu wa mjini, mwenye tumbo hujipa jina la ugonjwa mwenyewe, nami nikajiita mwenye vidonda vya tumbo. Duka la dawa la mtaani likawa daktari wangu. Nikatafuna vidonge vya magnesiamu na kumeza vidonge vya kupunguza asidi, hiki kikiisha nanunua kingine.

Ramadhani iliyopita ndiyo iliyonifichua. Mchana wa saumu nilikuwa mzima. Shida ilikuwa usiku. Futari zetu tunazijua: sambusa, bajia, kachori, maharage ya nazi, mihogo ya nazi, na baada ya hapo mtu anakula daku kana kwamba amesikia njaa inatangazwa. Usiku mmoja nilitoka kwenye safu ya tarawehe katika rakaa ya nane nimeshika ubavu. Ndugu aliyekuwa pembeni yangu alidhani nimetokwa na udhu. Nilipofika uani nilikaa chini nikalia, na sioni aibu kuliandika hilo.

Baada ya Idi nikapimwa altrasaundi. Jibu lilikuwa kwamba kifuko cha nyongo kina mawe kadhaa. Daktari wa kwanza aliyesoma karatasi ile, katika hospitali ambayo sitaitaja, hakutumia hata dakika tano: "Kina mawe, kinatolewa. Nenda pale dirishani upangiwe tarehe." Sikupanga tarehe. Nilirudi nyumbani na hofu yangu.

Ushauri wa nyumbani

Mama yangu, Allah amhifadhi, alisema: "Mwanangu, mtu hakatwi kwa ajili ya gesi." Mzee mmoja wa msikitini kwetu, mtu wa kheri sana, alininong'oneza: "Ustadhi, watu unawasomea, mbona wewe hujisomei?" Nilijisomea, wala sijaacha, maana Qur'an ni shifaa na hilo halina mjadala. Shemeji yangu yeye akaja na muuza dawa.

Muuza dawa huyu alikuwa na kanzu safi na ulimi laini. Alianza na Aya ya Suratun Nur inayoutaja mti wa mzaituni uliobarikiwa (24:35), akaingia kwenye hadithi za mafuta ya zaituni, kisha akaeleza tiba yake. Unashinda na juisi ya matofaa, jioni unakunywa chumvi ya haluli, halafu unakunywa mafuta ya zaituni yaliyochanganywa na maji ya ndimu, unalala ubavu wa kulia. Asubuhi mawe yote yanatoka chooni. Alikuwa na chupa ya ushahidi, ndani yake vitu vya kijani kibichi mfano wa mbaazi.

Nilifanya. Msomaji asinicheke, maumivu humfanya mtu afanye mengi. Na kweli, asubuhi vilitoka vitu vile vile vya kijani, laini, vinavyoelea. Nyumba nzima ikapiga takbira. Siku tisa baadaye, saa nane za usiku, nikawa natembea ukumbini tena nimeshika ubavu. Altrasaundi ya pili ilionyesha mawe yale yale, mahali pale pale.

Baadaye nilikuja kusoma kwamba jambo hili lilishachunguzwa. Mwaka 2005 jarida la tiba la Uingereza, Lancet, lilichapisha barua ya wataalamu wa New Zealand juu ya mwanamke aliyepata "mawe" ya namna hiyo baada ya kunywa mafuta ya zaituni na maji ya ndimu. Walipoyapima maabara hawakukuta kolestro wala rangi ya nyongo, vitu ambavyo ndivyo vinavyounda mawe ya kweli. Walikuta sabuni. Mafuta yale yale aliyoyanywa yalikuwa yameganda tumboni kwa kuchanganyika na kemikali za usagaji chakula. Baraka ya mzaituni imethibiti kwa Aya, lakini sabuni ya yule bwana haimo katika Aya. Na Mtume (SAW), kama alivyopokea Abu Daud na wengineo, ameweka wazi kuwa mwenye kujifanya tabibu ilhali hajulikani kwa utabibu, akidhuru, atabeba dhamana. Wauza dawa wetu wangeisoma hadithi hiyo kabla ya kuning'iniza vibao.

Nyongo ni nini

Ini hutengeneza nyongo mfululizo, nacho kifuko kilicho chini ya ini huihifadhi na kuifanya nzito. Chakula chenye mafuta kikiingia kwenye utumbo mwembamba, mwili hutuma homoni inayokiamrisha kifuko kijikamue, nyongo ishuke ikasaidie kusaga mafuta. Ikiwa ndani kuna jiwe, likaja kuziba mlango wakati wa kukamua, ndipo unapopata ule mshiko. Jiwe likirudi ndani, maumivu hukatika. Basi nikaelewa kwa nini pilau, na kwa nini mchana wa saumu nilikuwa salama lakini baada ya sambusa nikaangamia.

Mawe mengi hutokana na kolestro, na huwapata zaidi wanawake, watu wanene, wenye umri mkubwa, na hata waliopungua uzito kwa haraka. Mengine hutokana na kuvunjika kwa chembe nyekundu za damu. Ndiyo maana wagonjwa wa sikoseli, ambao katika nchi yetu ni wengi, huyapata wakiwa bado watoto au vijana.

Lakini jambo ambalo hakuna aliyeniambia dirishani pale ni hili: katika kila watu 10 wenye mawe ya nyongo, wapatao 8 hawasikii chochote, wanaishi nayo na wengi watakufa kwa sababu nyingine. Mawe yasiyouma, kwa kawaida, hayakatwi. Kwa mantiki hiyo, kuonekana kwa jiwe kwenye altrasaundi ni habari moja, na kuthibitika kuwa jiwe hilo ndilo linalokuumiza ni habari nyingine kabisa.

Daraja tatu za Imam Ghazali

Hapa ndipo narudi kwa kijana wangu wa darsa. Imam Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria (1111), katika Ihyau Ulumid Din, kwenye kitabu cha Tauhidi na Tawakkul, amezigawa sababu za kuondoa madhara katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni sababu za yakini, kama maji kwa kiu na mkate kwa njaa. Kuziacha hizi si tawakkul, na kuziacha panapokuwa na hofu ya kifo ni haramu. Fungu la pili ni sababu za dhana yenye nguvu, nazo ni tiba zinazojulikana kwa matabibu, kama kuumika na dawa za kuharisha za zama zake. Kuzitumia hizi hakupingani na tawakkul, japokuwa kuziacha si haramu kwa kila mtu na kila hali. Fungu la tatu ni sababu za kudhania tu, zisizo na msingi wa kutegemewa, na mfano mmoja alioutoa ni kuchomwa kwa chuma cha moto. Hizi ndizo ambazo mwenye kutawakali huziepuka.

Kijana wangu alichanganya fungu la pili na la tatu. Lakini, na hili nalikiri, mimi mwenyewe pamoja na daktari wa dirishani tulikuwa tumechanganya pia. Mimi nilikimbilia fungu la tatu kwa jina la mzaituni. Yeye alitaka kunipasua bila ya kuuliza kama upasuaji huo, kwa maumivu yangu mimi, uko fungu la pili au la tatu. Kisu chenyewe hakina fungu. Kinapata fungu kutokana na uchunguzi uliokitangulia.

Kwamba Uislamu haukatazi kukatwa kwa ajili ya tiba, hilo liko wazi. Katika Sahih Muslim, Jabir (RA) anaeleza kuwa Mtume (SAW) alimpelekea Ubayy bin Ka'b (RA) tabibu, akamkata mshipa kisha akaufunga kwa moto. Mabedui walipomuuliza Mtume (SAW) kama wajitibu, aliwaamrisha wajitibu, kwani hakuna maradhi ambayo Allah hakuyawekea dawa isipokuwa uzee. Imam Izzuddin bin Abdissalam, aliyefariki mwaka 660 Hijria, ameufananisha utabibu na sheria yenyewe: vyote viwili vimewekwa kuleta manufaa na kuondoa madhara, na mkono uliooza hukatwa ili roho isalimike. Hata dawa ya usingizi, ambayo watu wameniuliza sana, si mas'ala mapya. Imam Nawawi ameijadili hali ya mtu anayetaka kukatwa kiungo kilichooza, na akaona kuwa inafaa atumie dawa ya kuondoa fahamu isiyokuwa pombe.

Hata hivyo mwili ni amana, na asili yake ni kutokatwa. Sisi tunaosoma Fiqhi tunaifahamu kanuni kwamba yakini haiondolewi na shaka. Uzima wa kiungo ni yakini. Ili nikitoe, nahitaji kitu kizito kuliko karatasi moja ya altrasaundi na dakika tano.

Swali la daktari wa pili

Daktari wa pili, mtu mzima mwenye subira, aliweka kalamu chini akasema: "Ustadhi, hebu nieleze maumivu yako kama unavyomsimulia mtu kisa." Nilipomaliza akasema: "Wewe una maumivu mawili, si moja."

Alinifafanulia. Maumivu ya mawe huja kwa vipindi. Hushika chembe ya moyo au ubavu wa kulia kwa nusu saa au zaidi, yakafika hata masaa kadhaa, mara nyingi usiku au baada ya kula, aghalabu hupanda hadi bega la kulia, kisha huisha kabisa. Kiungulia cha kila siku, gesi na tumbo kujaa si dalili za kutegemewa za mawe, kwani watu wasio na jiwe hata moja wanavyo tele. "Nikikutoa kifuko leo," alisema, "gesi yako itabaki pale pale, na utasema nimekukata bure."

Maneno yake yana ushahidi. Huko Uholanzi ulifanyika utafiti uliochapishwa mwaka 2019, ukihusisha hospitali 24 na wagonjwa 1,067 wenye mawe na maumivu ya tumbo. Baada ya mwaka mmoja, waliokuwa hawana maumivu tena walikuwa asilimia 60 katika kundi lililotibiwa kwa utaratibu wa kawaida, na asilimia 56 katika kundi lililochujwa kwa masharti makali kabla ya kupasuliwa. Wengi wa makundi yote mawili walipasuliwa. Maana yake ni kwamba watu wapatao 4 katika kila 10 waliendelea kuumwa. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2023, uliowahusu wagonjwa 434 wenye maumivu ya mawe yasiyo na matatizo mengine, ulikuta kuwa katika miezi 18 waliopangiwa upasuaji na waliopangiwa kusubiri kwa uangalizi hawakutofautiana katika maumivu. Wa kundi la kusubiri, robo tu walikuwa wamefikia kupasuliwa. Sisemi haya ili watu waogope hospitali. Nasema mgonjwa ana haki ya kuuliza, na kuuliza si utovu wa adabu.

Basi tukaanza na lile la kwanza. Kipimo cha choo kilionyesha nina bakteria wa tumbo, H. pylori, ambao ndio chanzo kikubwa cha vidonda vya tumbo. Nikapewa dawa mbili za kuua bakteria pamoja na ya kupunguza asidi kwa siku 14. Sambamba na hilo akaniagiza niandike kila maumivu: siku, saa, nilichokula, yalipoanzia, yalipoishia. Nikatumia daftari langu la maandalio ya masomo, nyuma ya somo la mirathi.

Wiki tisa zikapita. Kichomi cha njaa na kiungulia vikaondoka karibu vyote, alhamdulillah, baada ya miaka 3 ya kutafuna magnesiamu bure. Lakini daftari lilikuwa na usiku minne ya mshiko wa ubavu, mitatu kati yake baada ya chakula cha mafuta. Mara ya mwisho ilidumu masaa manne nikatapika.

Niliuliza kama kuna dawa ya kuyeyusha. Ipo, lakini hufaa kwa mawe madogo ya kolestro tu, humezwa kwa miezi mingi hadi mwaka au zaidi, na mawe hurudi kwa watu wengi baada ya kuiacha. Niliuliza kuhusu kupunguza mafuta. Hupunguza mshiko, na mimi nimepunguza, ila jiwe haliondoki. Nikauliza hatari ya kukatwa, naye hakunificha. Katika upasuaji wa matundu madogo, ambao hufanywa kwa matundu manne na kamera, na ambao ulianza Ujerumani mwaka 1985, mfereji mkuu wa nyongo hujeruhiwa kwa watu wapatao 3 hadi 5 katika kila 1,000, na hilo ni jeraha zito. Wakati mwingine hulazimika kufungua tumbo kwa mkato mkubwa. Wapo wanaopata choo chepesi baadaye, kwa sababu nyongo sasa humiminika moja kwa moja toka kwenye ini. Kisha nikauliza hatari ya kubaki. Jiwe laweza kuziba kifuko kikavimba na kuoza, laweza kushuka kwenye mfereji likaleta manjano, au likachokoza kongosho, na kuvimba kwa kongosho huua.

Niseme hili kwa msomaji mwenye mawe: ukipata homa, au macho yakawa ya njano na mkojo kama chai ya rangi, au maumivu yakapita masaa matano sita bila kukatika, nenda hospitali siku ile ile. Hapo si wakati wa vikao vya ukoo.

Mimi sikuwa katika hali hiyo, nilikuwa na nafasi ya kuchagua, kwa hiyo nikaswali istikhara. Wengi wetu husubiri ndoto. Hadithi ya Jabir (RA) katika Bukhari haitaji ndoto. Inafundisha rakaa mbili na dua, kumwomba Allah aliwepesishe jambo likiwa la kheri na aliepushe likiwa la shari. Sikuota kitu. Niliamka na daftari langu likiwa lile lile na usiku ile minne, na moyo wangu ukiwa umetulia kuliko mwanzo. Nilichokitafuta kwa Ghazali nilikuwa nimekipata: dhana yenye nguvu kwamba usiku hii minne ni ya jiwe, na kwamba kifuko kikitoka, mshiko huu utakoma kwa idhini ya Allah. Kama gesi itabaki, ibaki. Hiyo sikuahidiwa.

Mama bado hajaridhika sawasawa. Nilimsomea daftari, ukurasa kwa ukurasa, akasikiliza kimya, mwishowe akasema: "Kumbe usiku wote huo ulikuwa unaumwa, na mimi nimelala chumba cha pili." Kisha akauliza saa ya kwenda hospitali ili aje.

Nimepangiwa Jumatano ijayo asubuhi, inshaallah. Fomu ya ridhaa nimeisoma yote kabla ya kusaini. Kwa kufuata hadithi ya Ibn Umar (RA) juu ya wasia, nimeandika wasia wangu na orodha ya madeni, ninayodai na ninayodaiwa, nikamkabidhi mke wangu. Alipitia orodha akakuta deni la muuza dawa wa mzaituni, nusu ya bei, ambalo nilikuwa nimelisahau. Tumelilipa Ijumaa. Kijana wa darsa atatuongozea kisomo cha wiki hiyo. Naomba dua zenu.

Wabillahi tawfiq.